Macho Hulindwa Jikoni: Nasaha kwa Jamaa za Majengo ya Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora, Akamjaalia masikio ya kusikia na macho ya kuonea. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ndugu zetu waumini, na hasa akina mama na dada zetu ambao ndio walinzi wa majiko yetu, mada yetu ya juma hili ni macho na chakula. Huenda msomaji akauliza sheikh ana lipi la kusema katika mambo ya karoti na mchicha. Jawabu letu ni kwamba Qur'ani yenyewe imeyakaribisha mambo haya mawili pahala pamoja. Suratu Abasa yaanza kwa kisa cha sahaba kipofu, Abdullahi bin Ummi Maktum (R.A.), aliyemjia Mtume kutaka elimu. Kisha, katika sura hiyo hiyo, aya ya 24, mwanadamu anaamrishwa akitazame chakula chake, na mbele yake zatajwa mvua, ardhi iliyopasuka, nafaka, mboga na matunda. Hatudai kuwa makusudio ya aya ni utabibu wa macho. Makusudio yake ni kumzingatia Muumba. Lakini mwenye kukitazama chakula chake kwa mazingatio hawezi kukosa kuuliza: je, hiki nilichokiweka mbele ya wanangu chawajenga au chawajaza tumbo tu?

Swali hilo twalielekeza leo kwa jamaa zetu wa Majengo ya Nyeri, na wenzao wa Majengo ya Nanyuki, ya Meru na ya Embu. Wasomaji wetu wa pwani wasidhani kuwa hayawahusu. Mitaa hii ni damu yetu. Mji wa Nyeri ulipoanzishwa kuwa kituo cha serikali ya Waingereza mwaka 1902, walipanda huko Waislamu wa namna nyingi: askari, wapagazi, wapishi na wachuuzi. Wakajenga, wakaoa, wakaozesha, na jikoni mwao pilau ikakaa jirani na mukimo, na mahamri yakakaa jirani na githeri. Hata leo ni nadra kupata jamaa ya Mombasa, Lamu au Malindi isiyokuwa na shangazi au binamu aliyehamia bara.

Sahani nyeupe katika nchi ya kijani

Mwenye kufika Karatina siku ya soko huona ajabu ya Mola. Soko lile ni miongoni mwa masoko makubwa ya wazi katika Afrika Mashariki. Karoti zimepangwa mafungu mafungu, mboga za majani zimefungwa vifungu, maboga yamelazwa chini, maparachichi yamejaa magunia. Mlima Kenya hautoi maji tu. Hutoa riziki ambayo miji mingi ya jangwani ingeililia.

Hata hivyo, tuingiapo katika nyumba zetu na kufunua masufuria, mara nyingi twakuta rangi moja. Asubuhi ni chai ya sukari nyingi na mkate mweupe au mahamri. Mchana ni wali mweupe na viazi ulaya. Usiku ni ugali wa mahindi meupe kwa kabichi iliyopikwa hadi ikapoteza hata ule ukijani mdogo iliokuwa nao. Hii ndiyo tunayoiita sahani nyeupe. Hushibisha, na aliyeshiba humshukuru Mungu. Lakini jicho halishibi kwa weupe. Mahindi meupe, mchele mweupe, viazi ulaya na moyo mweupe wa kabichi havina, au vina kidogo mno, kile kirutubishi ambacho jicho lakihitaji kuliko vyote, nacho ni vitamini A.

Kinachosikitisha ni kwamba tatizo hili, kwa nyumba nyingi za Majengo, si la uhaba wa soko. Ni la dharau. Sukuma wiki, jina lake lenyewe ni kilio cha mfuko mtupu: mboga ya kuisukuma wiki hadi mshahara uingie. Terere, ambayo pwani twaiita mchicha, na managu, ambayo twaiita mnavu, huhesabiwa mboga za bibi kizee wa shamba. Majani ya maboga na thabai, ile mboga iwashayo ambayo wenyeji huitia katika mukimo, kijana wa mjini hataki hata kuyatazama. Mgeni akija, mboga hizi hufichwa na kuku hutafutwa. Hivyo tumekifanya chakula cha macho kuwa alama ya umaskini, na chakula cheupe kuwa alama ya heshima.

Jicho hula nini?

Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina, ambao hupokea mwanga na kuupeleka ubongoni. Ili utando huo uone katika giza, wahitaji rangi maalumu ambayo mwili huitengeneza kwa vitamini A. Vitamini hiyo ikipungua, la kwanza kuondoka ni uoni wa jioni. Mtoto aliyekuwa akicheza vizuri alasiri huanza kujikwaa baada ya Magharibi, hupapasa ukuta akitafuta mlango, na hukataa kutoka nje usiku. Wazazi humwita mvivu au mwoga, kumbe haoni. Upungufu ukizidi, weupe wa jicho hukauka na kuota mabaka mfano wa povu. Ukizidi tena, kioo cha mbele cha jicho hulainika na kutoboka, na hapo upofu huwa hauna marejeo.

Maradhi haya yalijulikana tangu kale. Wamisri wa kale, zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, waliandika juu ya maini kuwa dawa ya macho. Katika zama za Kiislamu, Baghdad ilitoa mabingwa wa macho kama Ali bin Isa, aliyeandika Tadhkiratul Kahhalin, kitabu kilichosomwa na matabibu kwa karne nyingi. Vitamini A yenyewe ilikuja kutambuliwa na wanasayansi wa Marekani mwaka 1913, ndipo ikafahamika kwa nini maini, maziwa na kiini cha yai vilikuwa na nguvu ile.

Lakini funzo kubwa zaidi lilitoka kwa ndugu zetu Waislamu wa Aceh, kaskazini mwa kisiwa cha Sumatra nchini Indonesia. Daktari wa macho Alfred Sommer na wenzake walifanya uchunguzi katika vijiji 450 vya huko, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 1986. Watoto wa vijiji vilivyopewa vitamini A walikufa wachache kwa takriban theluthi moja kuliko wa vijiji ambavyo vilikuwa havijapewa. Hapo ulimwengu ukatanabahi kuwa jicho ni kama mlinzi wa mlangoni: ukiona limedhoofika, jua nyumba nzima imo hatarini, kwani vitamini hiyo hiyo ndiyo iupao mwili nguvu ya kupigana na surua, kuhara na maradhi mengine. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watoto baina ya 250,000 na 500,000 hupofuka kila mwaka kwa upungufu huu, na nusu yao hufariki katika muda wa miezi kumi na miwili baada ya kupoteza uoni. Twamwomba Mola atukinge.

Rangi tatu za kuziweka sahanini

Basi tuchague nini? Tumefupisha mambo katika rangi tatu, ili hata mtoto wa chuo aweze kuzihifadhi.

Rangi ya kwanza ni kijani kilichokoza. Sukuma wiki, mchicha, mnavu, spinachi, majani ya kunde, majani ya maboga na matembele. Kadiri jani lilivyokoza ndivyo lilivyo bora. Mboga hizi zina beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na pia zina luteini, kitu ambacho hujikusanya katikati ya retina, pale hasa panapotusaidia kusoma herufi ndogo za Mus-hafu. Mzee atakaye kuendelea kusoma Qur'ani kwa macho yake mwenyewe na asiidharau sukuma wiki.

Rangi ya pili ni manjano iliyoelekea wekundu, rangi ya chungwa lililoiva. Karoti, maboga, maembe yatokayo sehemu za chini za Embu na Meru, mapapai, na viazi vitamu ambavyo ndani yake ni vya rangi hiyo. Hapa pana tahadhari. Viazi vitamu vingi vinavyouzwa katika miji ya Mlima Kenya ni vyekundu kwa nje lakini vyeupe kwa ndani, na hivyo havina vitamini A ya kutajika. Rangi ya ganda isikudanganye; muulize mama mboga akikatie kimoja uone. Kiazi kimoja cha wastani kilicho na rangi ya chungwa ndani chatosha haja ya vitamini A ya mtoto mdogo kwa siku nzima. Kazi ya kuvieneza viazi hivi Afrika ilitambuliwa mwaka 2016 kwa Tuzo ya Chakula ya Dunia, na miongoni mwa wanne walioipokea alikuwamo Robert Mwanga, mtafiti wa kutoka Uganda.

Rangi ya tatu si rangi hasa, bali ni vile vitokavyo kwa wanyama: maini, kiini cha yai, maziwa yasiyoondolewa mafuta, samli, na samaki. Vitamini A iliyomo humo iko tayari, haihitaji kugeuzwa na mwili. Maini ndiyo yaliyozidi: gramu mia moja za maini ya ng'ombe zina vitamini hiyo kuliko haja ya mtu mzima kwa siku nyingi. Kwa hiyo hatuhitaji kuyala kila siku. Kipande kidogo mara moja kwa wiki chatosha. Asiye na uwezo wa maini na mayai asikate tamaa. Omena na dagaa huuzwa kwa kipimo kidogo hata vibandani, na ubora wao ni kwamba huliwa wazima, kichwa na vyote vya ndani, ambamo mna sehemu kubwa ya vitamini hiyo. Anayewakata vichwa na kuvitupa amelitupa fungu la macho.

Pamoja na hizo tatu, tusisahau mapera, machungwa, nyanya na pilipili hoho kwa vitamini C, na maharage, karanga na nyama kwa madini ya zinki. Hivi vyote ni wasaidizi wa jicho, na vyote vyapatikana Nyeri.

Hekima ya mchicha wa nazi

Sasa twafikia nukta ambayo twaomba akina mama waishike vizuri. Beta-karotini haiingii mwilini kwa maji. Huingia kwa mafuta. Mboga iliyochemshwa kwa maji matupu, au karoti mbichi itafunwayo peke yake, hupita tumboni na kutoka na sehemu kubwa ya hazina yake. Bibi zetu wa pwani hawakusoma vitabu vya lishe, lakini walipika mchicha kwa tui la nazi, wakapika boga kwa tui, wakapika majani ya kunde kwa tui. Kumbe tui lile halikuwa la ladha tu. Ndilo lililoifungulia mboga mlango wa mwili.

Huko Majengo nazi ni ya kusafirishwa, na bei yake si ya kila siku. Basi Mola amewapa badala iliyo bora kwa bei: parachichi. Mkoa wote ule, kuanzia Murang'a hadi Meru, una miparachichi. Nusu ya parachichi pamoja na sukuma wiki, au pamoja na karoti zilizopikwa, hufanya kazi ile ile ya tui. Asiye na parachichi atumie kijiko cha mafuta ya kupikia, au karanga zilizotwangwa, au malai ya maziwa. Wingi si shuruti. Kijiko kimoja katika sahani ya mtoto chatosha.

Na katika kupika, mboga ioshwe kwanza ndipo ikatwe, wala isikatwe kisha ikaoshwa. Isichemshwe saa nzima. Ikishalainika na ingali na ukijani wake, iepuliwe. Maji yake yasimwagwe.

Karoti na uvumi wa vita

Wengi wetu tulipokuwa wadogo tuliambiwa kuwa mwenye kula karoti huona gizani kama paka. Uvumi huu una asili ya kuchekesha. Katika Vita vya Pili vya Dunia, marubani wa Uingereza walikuwa wakiziangusha ndege za Wajerumani usiku wa manane. Siri yao ilikuwa rada iliyofungwa ndani ya ndege. Ili kuificha, serikali yao iliacha ienee habari kwamba rubani John Cunningham na wenzake walikuwa wanakula karoti kwa wingi. Raia nao, waliotembea gizani kwa sababu taa zilikatazwa, walihimizwa kula karoti, kwani zilikuwa tele nchini humo. Katika vita hivyo hivyo, Karatina yetu ilijengewa kiwanda cha kukausha mboga ili kulisha majeshi. Vita vilikwisha, kiwanda kikafungwa, lakini uvumi wa karoti ungali hai.

Ukweli ni huu: karoti humrudishia uoni wa usiku yule aliyeupoteza kwa kukosa vitamini A. Asiyekuwa na upungufu huo, hata akila gunia zima hatapata macho ya paka. Wala karoti haiondoi haja ya miwani. Mtoto anayelisogeza juzuu karibu na pua, au anayefinya macho akiutazama ubao, hahitaji juisi, ahitaji kupimwa. Na tumewahi kuona, nje ya msikiti baada ya Swala ya Ijumaa, chupa za maji ya karoti na asali zikiuzwa kwa wazee kwa ahadi ya kuondoa mtoto wa jicho. Twasema wazi: mtoto wa jicho hauondolewi na chakula chochote. Huondolewa kwa upasuaji, na upasuaji huo ni miongoni mwa matibabu yenye mafanikio makubwa. Kumwahidi mzee asiyeona kwamba juisi itamponya, kisha kuchukua shilingi zake, ni ghushi, na Mtume (S.A.W.) amejitenga na mwenye kughushi.

Nani hupewa nini?

Tumeyataja maini na mayai. Sasa tuulize: yakipikwa, huenda sahani ya nani? Katika nyumba nyingi, maini ni ya baba, paja la kuku ni la mgeni, yai ni la mtoto wa kiume anayekwenda shule, na mama hula ukoko na mchuzi uliobaki. Hali ni kwamba wanaohitaji zaidi vitamini A ni mtoto aliye chini ya miaka mitano, na mama anayenyonyesha. Mtume wetu ametuhadharisha na dhambi ya mtu kuwapuuza wale ambao riziki yao iko mikononi mwake. Uadilifu wa mume haupimwi kwa nguo za Idi peke yake. Hupimwa pia kwa kipande cha nyama kinachofika katika sahani ya mkewe.

Twapendekeza jambo jepesi. Idi ya kuchinja inapofika, na katika kila akika na kila karamu, maini yasiwe ya wachinjaji na wazee peke yao. Yakatwe vipande vidogo, wapewe kwanza akina mama wanaonyonyesha na watoto wao. Lakini mja mzito asizidishe maini, wala asimeze vidonge vya vitamini A bila ya idhini ya zahanati, kwani kuzidi kwake kwaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mja mzito na ategemee mboga za kijani, viazi na maboga, ambavyo havina khofu hiyo.

Mtoto mchanga naye ana chakula chake cha macho alichoandaliwa na Mola wake. Maziwa ya mwanzo, yale ya manjano ambayo baadhi ya watu huyakamua na kuyamwaga wakidai ni machafu, yana vitamini A kwa wingi. Yasimwagwe hata tone. Na Qur'ani imewaelekeza akina mama kunyonyesha miaka miwili kamili kwa atakaye kukamilisha.

Mtoto atimizapo miezi sita, apelekwe zahanati kupata tone la vitamini A, na arudishwe kila baada ya miezi sita hadi atimize miaka mitano. Katika nchi yetu kampeni ya Malezi Bora hufanywa mwezi wa Mei na wa Novemba, na tone hilo hutolewa bila malipo. Mtoto aliyeugua surua na awahishwe hospitali, kwa sababu surua humaliza vitamini A mwilini kwa kasi na yaweza kumpofua.

Liko pia jambo la unga. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya yataka unga wa mahindi na wa ngano uliotiwa pakiti, pamoja na mafuta ya kupikia, vitiwe virutubishi, vitamini A ikiwamo. Lakini jamaa nyingi za Nyeri hupeleka mahindi yao katika mashine ya kusaga ya mtaani, na unga huo hauna nyongeza hiyo. Hatusemi ni mbaya. Twasema anayeutumia azidishe mboga za kijani.

Adui aliye ndani ya kikombe

Watu wazima wa Majengo wana hatari nyingine iliyo kubwa kuliko kukosa karoti, nayo ni kisukari. Sukari inapozidi katika damu kwa miaka, huharibu mishipa midogo ya retina, ikavuja damu na kufifiza uoni. Huingia bila maumivu. Mtu huona vizuri leo, na akija kugundua, sehemu kubwa imekwisha kuharibika.

Tuyatazame majiko yetu kwa insafu. Chai ya vijiko vinne, mahamri, chapati, kaimati, soda kila arusini, na katika mwezi mtukufu wa Ramadhani meza ya futari hujaa vitamu hadi tukatoka katika saumu na uzito zaidi ya tulioingia nao. Sunna ni kufungua kwa tende chache na maji. Hakuna aliyetuambia kuwa baada ya tende lazima zifuate glasi mbili za sharubati. Sukari ipunguzwe kijiko kimoja kila mwezi, ulimi utazoea. Uji wa wimbi au mtama, maharage, mbaazi na mboga vichukue nafasi ya nusu ya vile vyeupe. Na mwenye kisukari, hata akiwa anaona vyema, akapimwe retina kila mwaka kwa kutiwa dawa ya kuipanua mboni. Avutaye sigara naye ajue kuwa moshi ule huharakisha mtoto wa jicho na kuchakaa kwa retina.

Yasiyotiwa machoni

Kwa kuwa tumewaita akina mama walinzi, twaongeza neno juu ya vitiwavyo machoni. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa maji ya kam-a ni shifaa ya jicho, nasi twaiamini hadithi hiyo. Lakini kam-a ni kile kiotacho chini ya ardhi ya jangwa baada ya mvua. Si uyoga wa soko la Nyeri, wala si ruhusa ya kukamua kitunguu, asali au majani machoni mwa mtoto. Na wanja wa ithmidi umesifiwa katika Sunna, lakini wanja mwingi uuzwao leo madukani una risasi, ambayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto mchanga. Asiyejua wanja wake umetoka wapi na asiupake machoni mwa mtoto.

Ikitokea jicho limekuwa jekundu na lauma, mtoto hujikwaa jioni, mboni ya mtoto yaonekana nyeupe, au mtu mzima anaona ukungu au nuru zikimetameta, mahali pake ni hospitali, kama ile ya rufaa ya Nyeri, na si jikoni. Mtume (S.A.W.) alituamrisha kujitibu na akatufunza kuwa hakuna maradhi yaliyoteremshwa bila ya dawa yake.

Juma moja la kuanzia

Mwenye kutaka kuanza na aanze kwa wepesi. Siku nne katika juma apike mboga ya kijani kilichokoza kwa mafuta kidogo au tui. Siku mbili apike boga, karoti au kiazi cha rangi ya chungwa. Siku moja yawe maini, mayai au samaki wadogo, na mtoto na mama wapate fungu lao kwanza. Matunda yaliyoiva yachukue nafasi ya biskuti mkobani mwa mtoto aendaye chuoni. Gharama ya yote haya, katika soko la Nyeri, haizidi sana ile ya kabichi, sukari na soda tunazozinunua sasa.

Na tusimtazame aliyepoteza uoni kwa jicho la lawama. Bin Ummi Maktum alikuwa kipofu, na Mtume alimfanya kuwa muadhini wake, na akamwachia Madina aliposafiri. Yuko mwenye kupofuka pamoja na kula vizuri, na malipo ya subira yake ni Pepo. Sisi wenye kuona tuna wajibu wa shukrani, na shukrani ya neema ni kuitunza. Kila afunuaye sufuria leo jioni, na akitazame chakula chake kama alivyoamrishwa: kina rangi gani, na kitakwenda kwa nani.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atustareheshe kwa masikio yetu na macho yetu muda wote atakaotupa uhai, awaponye wagonjwa wetu, na azibariki riziki za ndugu zetu wa Majengo na Waislamu wote. Amin.